Bati halikubali kisiwa: kisa cha magobo matatu ya jukwaani, Bagamoyo

Kisa hiki kilitokea Bagamoyo na mimi nilikuwa fundi mwanga wake. Majina ya kikundi, ya nyumba, ya waliotukodisha taa na ya kila aliyehusika nimeyaondoa, na tarehe pia. Vipimo nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari langu, kwa sababu bila vipimo kisa hiki hakina cha kumfundisha mtu.

## Usuli

Gobo ni sahani nyembamba, ya chuma au ya kioo, iliyotobolewa mchoro na kuwekwa ndani ya taa ya jukwaani. Panapobaki bati mwanga unazuiwa. Penye tundu mwanga unapita na kwenda kuchora ukutani au sakafuni. Haliwekwi popote. Linakaa kwenye geti, ule mwanya mwembamba ulio kati ya balbu na lenzi, kwa sababu hapo ndipo lenzi inapoweza kulitoa likiwa na kingo kali. Ukilishika mbele ya lenzi utapata kivuli cha ukungu, basi. Taa yenye geti la namna hiyo tunaiita profaili.

Kikundi kilichoniita ni cha ngoma na maigizo, watu kumi na wanne. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, kile ambacho leo ni TaSUBa, kwa hiyo mpiga ngoma mzuri au mwanasarakasi humkosi mjini. Mtu aliyewahi kufungua geti la profaili kwa mkono wake ni adimu zaidi, na ndiyo maana nilitafutwa Dar.

Onyesho lilikuwa la usiku mmoja, uani kwa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa nyuma wa ua huo uliwahi kuwa na mlango wa nakshi. Mlango uling'olewa miaka mingi iliyopita, pakazibwa kwa matofali ya saruji, na sasa panaonekana kama kovu la mstatili. Mama aliyekuwa akiongoza mchezo alizaliwa mtaa huohuo na anaukumbuka: maua ya yungiyungi juu, mnyororo ubavuni, samaki chini. Alichonitaka kabla ya yote ni kwamba mlango ule urudi mahali pake kwa mwanga, dakika chache tu, pale binti wa kwenye mchezo anapofika nyumbani.

Alitaka na vitu vingine viwili. Kivuli cha majani ya mikoko juu ya mchanga na juu ya miili ya wachezaji, maana baba wa binti yule ni mkata mikoko. Na maneno ya kanga, MCHEZA KWAO HUTUNZWA, yawe ukutani tangu watu wanapoingia hadi ngoma ya kwanza ilie.

Taa zilizokodiwa zilikuwa profaili nne za halojeni, wati 575 kila moja, lenzi za kutawanya mwanga kwa pembe ya nyuzi 26: mbili za majani, moja ya mlango, moja ya maneno. Zilikuja bila fremu za kushikia gobo. Tulikuwa na siku tisa. Gobo la chuma cha pua, lile linalochongwa kiwandani kwa kemikali kufuata mchoro wako, lisingetufikia kwa wakati, na fungu la fedha halikuwa na nafasi yake. Tukaamua kukata wenyewe.

## Siku tatu za mwanzo

Tulikosea kwa kuanza na karatasi. Mchoraji wa kikundi, kijana mwenye mkono mzuri kweli, alinikabidhi michoro mitatu ya kalamu, kila mmoja umejaa karatasi ya A4. Mlango wake ulikuwa na nakshi nyembamba kama piko kwenye mkono wa bi harusi. Ulipendeza mno. Lakini gobo la ukubwa A, ambalo ndilo lililoingia kwenye taa zetu, ni sahani ya milimita 100, na sehemu ya mchoro ni duara la milimita 75 tu. Nilipoupunguza mchoro wake ufike hapo, nakshi zikawa nyembamba kuliko uzi.

Hapo ndipo nilipokaa chini kufanya hesabu. Taa ya nyuzi 26 ikiwa mita 9 kutoka ukutani hutupa duara la mita 4 na kitu. Mchoro wetu wa milimita 75 ulipimwa ukutani ukapatikana mita 4. Maana yake kila milimita moja ya bati ni sentimita tano na ziada ukutani. Mstari wa nusu milimita ni sentimita mbili na nusu, na kwenye ukuta uliobanduka chokaa na kujaa vishimo mstari huo unamezwa wote. Hesabu yenyewe haichukui dakika tano. Nilipaswa kuifanya siku ya kwanza asubuhi, nikaifanya siku ya tatu jioni, baada ya kijana yule kuinamia karatasi siku mbili nzima. Nilimwomba radhi, na ninaiandika hapa kwa sababu muda wake ulikuwa wa thamani kuliko muda wangu.

Wakati huohuo tulikuwa tukijaribu mali ghafi ya kutengenezea magobo. Kopo la soda lilikatika kwa kisu cha wembe kama karatasi, tukafurahi. Ndani ya geti, dakika mbili hazikupita, rangi ya nje na utando wa plastiki wa ndani vikaanza kufuka moshi, na bati lenyewe, ambalo lilizaliwa limepinda, likarudi kujikunja. Moshi ule huganda kwenye lenzi. Kuisafisha kulinichukua nusu saa. Tukajaribu karatasi angavu ya plastiki iliyochapwa wino mweusi. Sehemu nyeusi hunywa joto, kwa hiyo haikumaliza hata dakika moja: katikati ililegea ikashuka kama nta ya mshumaa. Kwa baadhi ya taa za LED, ambazo geti lake halichomi hivyo, plastiki inaweza kukufaa. Kwa halojeni, usipoteze karatasi yako.

Kilichobaki ni pleti za alumini za mashine za kuchapia, zile ambazo kiwanda cha uchapaji kikishazitumia kinaziuza kama chakavu. Unene wake huwa kati ya milimita 0.15 na 0.3, ziko bapa, na zinakatika kwa kisu kikali. Ukizisugua vizuri na kuondoa wino na utando wa juu, hufuka moshi kidogo tu mara ya kwanza zinapopata moto, kisha basi. Tukanunua kumi, na tukadhani suala la mali limekwisha.

## Kwa mzee wa vibatari

Siku ya nne tulikwenda kwa fundi bati, mzee anayetengeneza vibatari na ndoo za kumwagilia, kwa shida ya fremu tu. Tulimwamkia, tukamweleza. Alizikata zote nne kwa bati la debe, mkunjo kama wa bahasha, kila moja ikaingia getini bila kulazimishwa. Tulikuwa tunalipa tuondoke, akanyoosha mkono kuomba ile pleti kijana aliyokuwa ameishika, iliyochorwa maneno tayari kwa kukatwa. Akaielekeza juani, akaigeuza.

"Hii O ukishaikata, mwanangu, hiki cha katikati kitashikwa na nani?"

Kijana alinyamaza. Mzee akaweka kidole kwenye A ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Na hiki? Na hiki? Bati halikubali kisiwa."

Maneno yetu yalikuwa na visiwa vinne: A tatu na O moja. Kwenye karatasi hakuna anayeviona, kwa sababu karatasi yenyewe inashika kila kitu. Kwenye bati, pembetatu ndogo iliyo tumboni mwa A haina pa kujishikiza. Ukimaliza kukata inadondoka, na ukutani unapata A iliyojaa mwanga kama kichuguu. Dawa yake ni daraja, kamba nyembamba ya bati inayobaki bila kukatwa ili kukifunga kisiwa na bara. Mimi nilijua habari ya madaraja. Nilikuwa nimepanga kuyachora mwenyewe baadaye, kama kiraka. Mzee alinionyesha kwamba daraja halichorwi baadaye.

Alichukua kalamu akamchorea kijana ua la yungiyungi la petali nane. Kijana alikuwa amelichora ua kama petali nane zinazozunguka kitovu cha duara, kitovu kikielea peke yake. Mzee alizisogeza petali mbili mbili, kati ya kila jozi akaacha ukanda wa bati kama milimita moja na nusu, unaotoka kwenye kitovu hadi ukingoni. Kanda nne. Ukizitazama unadhani ni mashina ya ua. Kumbe ndizo zinazobeba kitovu kizima. Baada ya hapo kijana akarudia mlango wote kwa akili hiyohiyo: pete za mnyororo zikashikana zenyewe, samaki wakagusana mkia kwa mdomo, na mlango mzima ukawa kipande kimoja cha bati ambacho ungeweza kukiinua kwa kukamata petali moja.

Kisha mzee akatuuliza taa ina moto kiasi gani. Nilimwambia bati likitoka humo halishikiki kwa mkono, hata ukisubiri dakika kadhaa. Akaleta mkebe mtupu wa maziwa ya unga na kipande cha sumaku. Sumaku ikang'ang'ania mkebe. Kwenye pleti yetu ya alumini ikateleza. "Chuma ni hiki," akasema. Mikebe ile ni chuma chembamba kilichopakwa bati jeupe juu yake. Aliichoma rangi yake kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa majivu, akaipangusa kwa mchanga, akailaza kwenye kipande cha reli na kuigonga taratibu kwa nyundo ya mti hadi ikakaa bapa. Akataka pia kutupa kipande cha bati la kuezekea, nikakataa: lina zinki, na zinki ikipashwa moto mkali hutoa moshi ambao sitaki mtu yeyote auvute.

## Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na pendekezo la kuchonga kwa kemikali, ile kloridi ya chuma ambayo mafundi wa elektroniki hutumia kula shaba kwenye bodi za saketi. Inachonga nakshi nyembamba kuliko kisu chochote, na kwenye shaba njano inafanya kazi safi. Nilikataa kwa sababu mbili. Mali tuliyokuwa nayo nyingi ni alumini, na kemikali hiyo ikikutana na alumini huchemka kwa nguvu, hupanda joto na kutoa gesi ya hidrojeni. Pili, baada ya kazi tungebaki na ndoo ya maji yenye sumu katika mji ambao mifereji yake inaishia baharini. Uamuzi huu bado naona ulikuwa sahihi.

Uamuzi wa pili ulihusu pembe. Taa ya mlango isingeweza kusimama mbele ya ukuta, watazamaji wangekaa palepale. Ilibidi isimame kando, kama nyuzi 30 kutoka katikati. Ukitupa picha kwa mshazari, upande wa mbali unavutika. Badala ya kukisia, tulikata gobo la majaribio: matundu 25 ya sindano, safu tano kwa tano, kila moja sentimita moja kutoka kwa mwenzake. Tukaliwasha kutoka mahali halisi pa taa na kupima umbali wa nukta ukutani kwa utepe. Kwenye safu ya katikati, upande wa karibu na taa nukta mbili za mwisho zilikuwa sentimita 56. Upande wa mbali, 68. Kijana akachora upya mlango ukiwa umebanwa upande mmoja, kwa vipimo vile. Kwenye bati ulionekana mlango uliolewa. Ukutani ulisimama wima.

Kwenye maneno, mstari mmoja haukuwezekana kabisa. Herufi 18 na nafasi mbili ndani ya upana wa milimita 72 ni chini ya milimita nne kwa kila herufi, na mkono wa herufi ungekuwa nusu milimita. Tukayapanga kwa mistari mitatu, MCHEZA juu, KWAO katikati, HUTUNZWA chini, kila herufi ikapata kama milimita nane. Visiwa vinne vikafungwa kwa madaraja membamba, kama milimita 0.8 kila moja, kwa sababu nilitaka maneno yasomeke safi na madaraja yasionekane.

Uamuzi wa mwisho ndio uliotugharimu, nao ulipita kimya kimya bila kuitwa uamuzi. Mikebe tuliyopata ilikuwa miwili. Mlango ulikuwa kipenzi cha Mama na cha kila mtu, kwa hiyo ukapewa chuma, na mzee akaukata kwa tindo ndogo juu ya gogo la mti mgumu, siku mbili. Mkebe mmoja alianza nao, ukapasuka kwenye mnyororo, akachukua ule mwingine. Majani na maneno yakabaki kwenye alumini. Sababu niliyompa kila aliyeuliza ni kwamba alumini inakatika kwa kisu na sisi wenyewe tunaiweza. Ilikuwa kweli, lakini haikujibu swali lililopaswa kuulizwa.

## Jioni ya majaribio

Tulifanya majaribio usiku wa kuamkia onyesho. Majani yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tumekata matundu makubwa ya mviringo uliochongoka, mengi, yasiyolingana, na nikasogeza lenzi mpaka kingo zikafifia kidogo. Mchanga ukageuka chini ya mikoko saa kumi jioni. Mcheza ngoma mmoja aliingia akanyoosha mkono kutazama vivuli vinavyopita juu ya ngozi yake, akabaki hapo.

Mlango ulihitaji robo saa ya kusogeza taa. Ukuta ukiwa mshazari huwezi kupata ukali pande zote mbili. Nilichagua ukali kwenye maua ya juu na kuacha upande wa mbali ulegee.

Kisha maneno. Nilikuwa nakaza lenzi, macho yangu yako kwenye kingo za herufi, nikisema safi, safi. M, A, H, U, T, W na O hazibadiliki zikigeuzwa kushoto kulia, na mimi sikuwa nasoma. Mtoto wa jirani, anayejifunza kusoma, ndiye aliyeuliza: "Mbona imeanzia huku?" Tulikuwa tumeliingiza gobo mgongo mbele. Picha inapopita kwenye lenzi hupinduka juu chini na kushoto kulia, kwa hiyo utaratibu ni mmoja tu: simama nyuma ya taa ukitazama ukutani, shika gobo lisomeke sawasawa kwako, kisha lizungushe kichwa chini bila kuligeuza mgongo, na uliingize hivyo. Ilibidi tungoje lipoe. Tulilichomoa kwa koleo na glavu za ngozi, na hapo tayari niliona daraja la A ya KWAO limepinda kama ukucha. Nililinyoosha kwa kibano. Nilijiambia litashika.

## Matokeo

Usiku wa onyesho watu walianza kuingia mapema. Mama alitaka maneno yawake tangu mtu wa kwanza aingie, na yaliwaka, kwa nguvu zote. Ngoma ya kwanza ilichelewa. Kwa daftari langu, taa ile ilikaa dakika 55 bila kushushwa. Kwenye dakika ya 40 hivi A ya KWAO ilianza kuwa na ukungu upande mmoja. Daraja lilikuwa linajikunja kuelekea kwenye lenzi, likitoka nje ya ukali. Dakika chache baadaye pembetatu ikaning'inia, ikaanguka ndani ya taa, na tumbo la A likajaa mwanga. O ilifuata: kisiwa chake hakikuanguka, kililala upande na kufunika nusu ya herufi. Watu waliokuwa wamekaa walikwisha kusoma maneno. Waliochelewa walisoma MCHEZA KW na doa, na HUTUNZWA chini yake.

Niliizima kabla ya muda wake. Ngoma ilianza ukuta ukiwa mtupu, na Mama, aliyepanga maneno yafifie polepole kwenye pigo la kwanza, hakupata kile alichokiomba. Hakunilaumu.

Mlango uliwaka dakika sita. Uliingia juu ya kovu la matofali kama ulikuwa ukisubiri hapo miaka yote. Kwenye safu za nyuma kulikuwa na wazee wa mtaa, na mmoja wao alisimama. Samaki wa chini walikatwa na kivuli cha ngoma kubwa iliyosimamishwa vibaya, na pete mbili za mnyororo zilimezwa na chokaa iliyobanduka. Hakuna aliyezitaja. Majani yaliwaka karibu saa nzima, kwa nusu ya nguvu, na pleti zake zilitoka zimepauka tu.

## Uchambuzi

Kwa nini alumini ileile ilivumilia saa moja kwenye majani na kushindwa kwa maneno? Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na hakuna kilichoyeyuka hapa. Lakini metali yoyote hulegea kabla ya kuyeyuka, na alumini hulegea mapema kuliko chuma cha mkebe. Kwenye gobo la majani, kila tundu lilizungukwa na bati pana la kupeleka joto ukingoni, hadi kwenye fremu. Kisiwa cha A kilikuwa kinapigwa na mwanga wote na njia pekee ya joto lake kwenda ukingoni ilikuwa daraja la milimita 0.8. Tulijenga nyumba yenye mlango mwembamba na kuwasha moto ndani.

Ongeza na mahali. KWAO ilikuwa mstari wa katikati, na katikati ya geti ndipo penye joto kali zaidi ikiwa balbu haijasawazishwa. Nyuma ya profaili kuna kitasa cha kuisogeza balbu ili mwanga usambae sawa badala ya kurundikana katikati. Kwa kazi ya gobo lazima ukizungushe hadi mwanga usambae. Nilifanya hivyo kwa taa ya mlango na taa za majani. Taa ya maneno niliisahau, na sina sababu ya kuitetea. A ya MCHEZA na A ya HUTUNZWA, zilizokuwa pembeni, zilibaki na visiwa vyake.

Hata hivyo kitasa kingetupa dakika chache za ziada tu. Kiini ni mgawanyo wa mali. Nilipanga bati kwa ugumu wa kukata, na kwa mapenzi: kinachopendwa kipewe chuma. Kipimo sahihi kilikuwa sehemu nyembamba kuliko zote ina upana gani, na taa itawaka muda gani juu yake, kwa nguvu ngapi. Kwa kipimo hicho mlango wa dakika sita, uliochorwa kwa akili ya mzee bila kisiwa hata kimoja, ungeweza kukatwa kwenye alumini na kumaliza usiku salama. Maneno, yenye madaraja manne membamba na karibu saa nzima ya moto, ndiyo yaliyostahili mkebe. Tulifanya kinyume kabisa.

Tamaa yangu ya kuficha madaraja nayo ilichangia. Daraja la milimita moja na nusu lingeonekana ukutani kama mkanda wa sentimita nane unaokata herufi. Herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia na makreti ya mbao zina mikanda hiyohiyo, na kila mtu anazisoma bila kulalamika. Nilitaka herufi za kanga, nikazipata kwa dakika arobaini.

Lingine ni nguvu ya taa. Hapakuwa na sababu ya kuwasha kwa nguvu zote ua ambao giza lilikuwa limekwisha kuingia. Majani yalitosha kwa nusu. Sikumweleza Mama kwamba mwanga kidogo ungemlindia maneno yake. Angekubali papo hapo.

Kilichofanya kazi kinastahili kusemwa kwa uzito uleule. Gobo la matundu 25 lilitumalizia tatizo la pembe kwa jioni moja na kwa gharama ya pleti moja ya chakavu, na sijaona njia bora zaidi kwa asiye na kompyuta uani. Mkebe uliochomwa na kugongwa bapa ulivumilia bila kupinda. Na uamuzi wa kumwacha fundi bati aguse mchoro, badala ya kumpa ukiwa umekwisha malizika naye akate tu, ndio uliompa Mama mlango wake. Mzee hakuwahi kuona profaili kabla ya wiki ile. Alijua kipande cha bati kinashikana vipi, na kwenye gobo hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Mwezi uliofuata nilirudi Bagamoyo na mikebe mitatu ya maziwa ya unga. Mzee alikata maneno upya, madaraja ya milimita moja na nusu, mawili kwa kila kisiwa. Kwenye O aliyaweka juu na chini. Kwenye A aliyapanga yakafuatana na mikono ya herufi. Tuliliwasha ukutani kwake, balbu ikiwa imesawazishwa, kwa asilimia 70 ya nguvu, dakika 90. Nilipolitoa kwa koleo na kuliweka juu ya reli lipoe, visiwa vyote vinne vilikuwa mahali pake.